Komando wa Nyumba ya Marehemu

Kabla sijafika mlangoni niliona mashati ya binamu yangu yameanikwa kwenye kamba.

Binamu yangu alikuwa mwanajeshi. Alifia ng'ambo ya mpaka, upande wa Somalia, na mwaka uliotangulia tulikuwa tumemzika kwao, karibu na Ikonge, nyuma ya nyumba ya mama yake, mahali migomba inapoishia na michai inapoanzia. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa jamaa baada ya mazishi. Mama yake, ambaye ni mdogo wake mama yangu, alikataa kuzigawa. Alizifungia sandukuni na hakuna aliyemlazimisha. Sasa zilikuwa zimefuliwa, zinachuruzika maji, mikono imening'inia.

"Mama mdogo, nani anavaa nguo hizi?"

"Ingia kwanza unywe chai, tata."

Tata ni baba. Ndivyo wanawake wa kwetu wanavyowaita watoto wa kiume wanapowapenda, au wanapotaka wasiulize zaidi.

Ndani aliketi mtu nisiyemjua. Alikuwa na buti nyeusi zilizong'arishwa, fulana ya kijani, na miwani ya jua ingawa chumba kilikuwa na giza. Mgongo aliupa ukuta na macho aliyaelekeza mlangoni. Alipoinuka kunisalimu alinibana mkono zaidi ya ilivyohitajika. Alisema Kiswahili kitupu, katika nyumba ambamo hata mbwa anafukuzwa kwa Ekegusii.

"Huyu alikuwa na ndugu yako," mama mdogo alisema. "Kikosi kimoja. Makomando."

"Jina la kikosi hatutaji," yule mtu alisema taratibu. "Mama anajua."

Mama mdogo akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha kutunza.

Lazima niseme mazishi yale yalivyokuwa, maana mtu huyu aliingilia hapo. Wakati huo nilikuwa natuma habari kwa redio moja ya Kisii, na nilikuwa nimehudhuria mazishi mengi kuliko harusi. Kwetu maiti hutazamwa. Watu hupanga mstari, wanapita, wanaangalia uso, ndipo wanakubali kwamba mtu amekwenda. Binamu yangu hakutazamwa. Maafisa walileta sanduku lililokazwa skrubu, wakamvuta pembeni baba yake mkubwa, kaka wa marehemu baba yake, na kumwambia kwamba haifai kulifungua. Yeye akakubali kwa niaba ya wote. Mama mdogo aliweka kiganja juu ya kifuniko, akauliza kichwa kiko upande gani. Askari mmoja kijana akaonyesha upande huu. Mwenzake, wakati huo huo, akaonyesha ule. Kisha bunduki zikapigwa hewani, watoto wakaziba masikio, na tukafukia.

Siku ile ya mashati, mama mdogo alinifuata nje nilipokuwa naondoka. Alinishika mkono mpaka tukapita kaburi.

"Hayumo," aliniambia kwa Ekegusii, kwa sauti ya chini.

"Nani hayumo?"

"Ndugu yako. Huyu mgeni ameniambia. Walitia mgomba."

Kuna watu waliozikwa hivyo. Mtu akipotea na mwili usionekane, ukoo huweza kuzika shina la mgomba mahali pake ili jina lake lipate pa kulala. Kila mtu anajua, kwa hiyo maneno ya yule mgeni yalipata mahali pa kushika. Alimwambia kwamba mwanawe yuko hai, kwenye kazi ya siri, kwamba jeshi huwazika makomando wake kwa uongo ili adui asiwatafute. Na kwamba kama mama hamwamini, afukue aone. Yeye mwenyewe angeleta vijana. Asubuhi ya Jumapili, watu wakiwa kanisani.

"Anasema jeshi haliombi ruhusa," mama mdogo alisema.

Kufukua kaburi kwetu si jambo la kusemwa hata kwa mzaha. Baba mkubwa alipodokezewa alisema mwanamke atakayegusa udongo ule atoke kwenye shamba lile na asirudi. Hakupandisha sauti. Mama mdogo alikuwa na michai ile, nyumba ile, na kaburi lile. Hakuwa na kingine.

Nilibaki Ikonge wiki hiyo. Mgeni alikuwa analala katika esaiga, ile nyumba ndogo ya kijana ambaye hajaoa, iliyokuwa ya binamu yangu. Alisema anailinda mpaka mwenyewe arudi. Jioni alikaa kwenye kizingiti chake akiwa amevaa shati la marehemu, akitazama njia. Alipopita kituo cha kupimia majani ya chai, vijana walimpigia saluti, nusu kwa mzaha, na yeye aliipokea bila mzaha wowote. Alianza kuwauliza watu wanakotoka na wanakokwenda. Jirani mmoja aliyemjibu vibaya alimkuta kesho yake amesimama katikati ya shamba lake la mahindi, ametulia tu, mikono nyuma.

"Komando, unatafuta nini kwangu?"

"Naangalia mpaka."

"Mpaka wa Somalia umefika huku?"

Watu walicheka hadithi hiyo walipoisikia. Lakini jirani yule alihamishia ng'ombe wake karibu na mlango.

Mimi nilimsikiliza kwa makini. Alijua kwamba binamu yangu alikuwa anakimbia vizuri, kwamba alikuwa na kovu gotini, kwamba alimwita mama yake "mkubwa wangu". Mambo hayo yalikuwa kweli. Lakini yote yalikuwa ya kabla ya jeshi. Nilipomwuliza kuhusu maisha ya kambini alitazama dari na kusema kuna vitu raia hawaviwezi.

Nilikwenda Kisii. Pale mjini kuna bwana wa familia moja ya Kiislamu ambayo imeuza magodoro tangu zamani. Alitumikia jeshi mpaka akastaafu na cheo cha sajini, kisha akarudi dukani kwa baba yake. Nilimweleza. Hakunikatiza. Mwishoni aliuliza, "Mama anamwamini?"

"Kabisa."

"Basi hapo ndipo pagumu. Huyo mgeni mwenyewe si kitu."

Alikuja Ijumaa baada ya swala, amevaa kanzu na kofia, na mama mdogo alimpokea kama mgeni yeyote wa mjini. Alikunywa chai. Alisifu migomba. Aliuliza bei ya majani. Mgeni wa esaiga aliketi mahali pake, mgongo ukutani, na nadhani alimwona mzee mwenye tumbo na kanzu akamdharau. Wakazungumza mvua. Sajini akainama kuweka kikombe chini, na akiwa bado ameinama, akatoa sauti ambayo sikujua anayo.

"Namba!"

Mgeni aliruka akasimama wima. Visigino vilikutana, kidevu kikapanda, kikombe chake kikavunjika sakafuni. Mdomo ulifunguka. Hakuna kilichotoka.

Tulingoja. Kuku waliingia, wakatoka.

"Namba yako ya jeshi, kijana," sajini alisema, sasa kwa sauti ya kawaida.

"Hiyo ni siri."

"Namba si siri. Unaimbishwa ukiwa uchi, ukiwa na njaa, ukiwa usingizini, mpaka inaingia kwenye mifupa. Mimi nimestaafu na bado naijibu nikiota. Muulize mke wangu. Komando naye huanza kwa kuwa askari. Hakuna anayeshuka kutoka mbinguni na miwani."

Mgeni aliketi. Hakubisha. Alivua miwani, na macho yake yalikuwa ya mtu mdogo zaidi kuliko nilivyodhani. Nilihisi furaha ile ninayoihisi habari inapokamilika, na nikamgeukia mama mdogo ili nione nafuu usoni mwake.

Hakuwa anamtazama mgeni. Alikuwa anamtazama sajini.

"Wewe ni askari wa kweli?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niambie. Mwanangu yumo ndani ya lile sanduku?"

Sajini angeweza kusema neno moja na kwenda zake. Nilimwomba kwa macho alitamke.

"Mama, sikuwepo," alisema. "Siwezi kuapia kitu ambacho sikukiona."

Mama mdogo akaokota vipande vya kikombe, kimoja kimoja, akivipanga kiganjani. "Mmoja ananidanganya," alisema, "na mwingine hajui. Kumbe hakuna anayejua."

Mgeni aliondoka kabla jua halijazama, akiwa na buti zake na bila mashati. Jumapili hakuna vijana waliokuja. Lakini Jumatatu mama mdogo alinitaka nimpeleke mahakamani Nyamira kuomba kibali cha kufukua. Nilijaribu kumzuia. Nilimkumbusha kwamba aliyeleta wazo hilo ni mwongo, amefichuliwa mbele ya macho yake.

"Alidanganya kwamba ni askari," alisema. "Kuhusu sanduku, hakuna aliyemshinda."

Nilimpeleka, nikitumaini watakataa. Na wakati kibali kikisubiriwa nilifanya jambo ambalo hata sasa naliona la ajabu: nilikwenda kumtafuta yule mwongo.

Nilimkuta Keroka, kwenye malori, akipakia ndizi. Buti zilikuwa zile zile, zimechafuka. Aliponiona hakukimbia. Aliweka mkungu chini.

"Umeleta polisi?"

"Nimekuja peke yangu. Rudi useme ulimwona akifa. Sema ulimwona akiwekwa ndani ya sanduku. Mwambie ulidanganya kwa sababu ulimhurumia."

Alicheka bila sauti.

"Bro, unataka nidanganye tena?"

"Nataka asifukue."

"Hataniamini. Wewe ndiye umehakikisha hivyo." Alijifuta utomvu mikononi. "Na mimi nilimjua kweli, usifikirie nilimwokota tu. Tulikimbia pamoja siku ya kuandikisha, uwanjani. Tulilala nje ya geti usiku kucha, tukigawana mkate, akinisimulia mambo ya mama yake. Mimi nilimpita mbio. Halafu wakanifungua mdomo, wakahesabu meno, wakakuta pengo, wakasema nitoke. Yeye wakamwandika kwa kalamu mkononi, hapa." Alijigonga mkono. "Niliposikia kwenye redio kwamba amekufa, niliona kama ni mimi wamenizika."

Redioni. Habari ile niliituma mimi.

"Na mgomba?"

"Huo nilisema tu. Mama alikuwa analia, nikataka anyamaze." Akaunyanyua mkungu begani. "Alinyamaza kweli. Akanipikia. Akafua nguo. Wewe ungetoka?"

Alipanda ubao na kuingia ndani ya lori.

Kibali kilitoka. Baba mkubwa hakuja, wala hakutuma mtu. Alikuja afisa wa afya na glavu na dawa ya kunyunyiza, polisi wawili wa utawala, na wachimbaji kutoka mbali, kwa sababu wa karibu walikataa wote. Anga lilikuwa limefunga tangu alfajiri na mvua haikunyesha. Wachuma majani wa shamba la jirani walisimama na vikapu mgongoni, wakitazama kutoka juu, hakuna aliyechuma. Simenti iliyofunika kaburi ilipasuliwa kwa nyundo. Mama mdogo alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu sana na ukingo, na afisa alipomwomba asogee nyuma hakumsikia.

Sanduku lilikuwa zima. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu na ilibidi kifuniko kibanduliwe kwa mtaimbo. Harufu iliyotoka ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa, ya ardhi zaidi ya kitu kingine.

Haukuwa mgomba. Alikuwa mtu, au kilichobaki cha mtu, ndani ya sare ya jeshi, akiwa amefungwa kwa namna iliyoonyesha kwamba waliomfunga hawakuwa na kitu kizima cha kufunga. Uso haukuwepo wa kutazama. Sasa nilielewa kwa nini walikaza skrubu. Mmoja wa wachimbaji alipanda juu na kwenda kwenye migomba kutapika.

Mama mdogo aliinama. Alitazama kwa muda mrefu sana, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama anavyopekua majani kwenye kikapu. Nilingoja alie. Nilitaka alie, kwa sababu kilio kingemaliza.

"Ni nguo tu," alisema. "Mtu huvalishwa."

Afisa wa afya akaeleza kwamba kuna vipimo, Nairobi, vinachukua muda, na familia yote lazima ikubali. Alipotaja familia yote alisita, akatazama nafasi ambayo baba mkubwa angesimama. Kisha akaniuliza kwa macho kama wafunike.

Mama mdogo akanigeukia. Hakuniita tata.

"Wewe unaangalia mambo vizuri. Angalia. Ni yeye?"

Niliangalia. Niliona kitambaa, niliona udongo uliokuwa umeingia kwenye mikunjo, niliona vifungo vilivyofungwa mpaka shingoni.

"Ndiyo, mama mdogo," nilisema. "Ni yeye."

Alinikazia macho.

"Umejuaje?" akaniuliza.