Mawaridi ya Mama Kwenye Udongo wa Mbuga

Jana kwa muuza miche nilinusa udongo mweusi uliolowa, nikakumbuka jinsi mama alivyonichosha na mawaridi yake.

Kiwanja chetu kidogo kilikuwa kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha ulinata miguuni kama ugali usioiva. Kiangazi ulipasuka nyufa za kuingiza mkono. Mama, aliyeacha mawaridi kwao Ipililo alipoolewa, alipanda mche wa kwanza, ukaoza mizizi. Wa pili nao ukaoza. Alipokuja na wa tatu, mimi mchota maji nilishindwa kuvumilia.

"Mayu," nilimwita mama kwa kilugha chetu, "udongo huu hautaki waridi. Mbona hibiskasi ya uzio wa jirani inastawi?"

"Hiyo ni ya kuzuia mbuzi," alisema. "Na habari za udongo mwambie baba yako, ndiye aliyeuchagua. Chota maji."

Nikachota. Wa tatu ukaoza vilevile, na mama akawa haangalii tena upande ule. Kwa hasira nilikata vijiti vinne vya hibiskasi kwa jirani, nikavichomeka palepale bila kumwambia.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nilimkuta mama ameshika jembe mbele ya ua jekundu, kubwa kama kiganja chake.

"Nani kapanda hii?"

"Mimi, mayu."

Nilingoja aing'oe. Aliinama, akanusa lile ua, akakunja uso.

"Halinukii hata kidogo," alisema.

Kisha akanipa jembe. "Chimba na pale dirishani."