Reli Iliyozikwa Ncha Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, Makamu Mkuu wa Shule alinikabidhi nyundo na kuniambia kwamba mpiga kengele hana rafiki. Nilikuwa kidato cha tano, nimevaa suruali ya kaka yangu. Ninyi mnaonifuata msinicheke. Nimestaafu juzi kupisha mitihani ya kidato cha sita, kwa hiyo nina haki ya kuongea kama mzee.

Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inia kwa waya mbili. Ukikipiga, wimbi hukimbia ndani ya chuma, likifika mwisho hugeuka, na chuma kizima huimba. Hata waliokuwa mashambani upande wa Hasamba walisikia. Kisha wauza chuma chakavu wakaanza kuitamani. Makamu akaleta fundi, akaisimamisha reli na kuizika ncha moja kwenye zege. Haikuibwa. Haikulia pia, ilikohoa.

Aliyeumia ni Siwale, rafiki yangu, mwanafunzi wa kutwa, ambaye asubuhi husaidia kwao kwenye kahawa na hana saa. Kengele ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikimtoa shambani. Alipoanza kuchelewa, Makamu alisema akirudia atasimamishwa masomo, na mitihani ilikuwa imekaribia.

Nikampelekea shida hiyo Mwalimu wa Hesabu, tuliyemwita Sigma akiwa hayupo. Alifurahi kama mtu aliyeletewa kuku. Akaandika ubaoni mlinganyo wa wimbi, ingawa haumo kwenye silabasi, akasema mlinganyo peke yake haujui lolote mpaka uuambie kinachotokea kwenye ncha. Ncha iliyozikwa haisogei. Ncha iliyo huru husogea, ila hakuna kinachoisukuma. Ncha mbili, sheria mbili: ndiyo masharti mchanganyiko ya mipaka, na mpaka hapa si ule wa Tunduma. Mimi na Siwale tulikokotoa mpaka chaki ikaisha. Jibu: sauti ya reli imeshuka, na pale chini nilipozoea kupiga, karibu na zege, chuma hakitikisiki.

Nikaanza kupanda juu ya dawati na kupiga ncha ya juu. Ikaacha kukohoa, ikaanza kuguna.

Siwale akachelewa tena. Kwenye kikao cha nidhamu alijitetea kwa kuandika hesabu yote ubaoni. Makamu akamwuliza kama wimbi ndilo lililolala. Mkuu wa Shule, mtu wa Historia, aliutazama ubao, akamgeukia Sigma.

"Sasa Mwalimu, kijana alisikia au hakusikia?"

"Hesabu inaniambia reli inafanya nini, Mkuu. Zege linameza kiasi gani, sauti inafika wapi, haijui. Labda mtu aende akasikilize."

Kesho yake nilipiga kwa nguvu zangu zote, bila kujua kwamba Mkuu amesimama kwenye kahawa ya akina Siwale, ametega sikio. Walifika getini pamoja, viatu vimelowa umande, sisi tumeshamaliza paredi. Mlinzi alikuwa ameshafunga, kwa amri ya Makamu.

"Fungua, mzee," Mkuu alisema. "Tumechelewa."

Zege lilivunjwa wiki hiyohiyo, Makamu akisimamia kwa uso wa mfiwa. Reli ikarudi kwenye waya, ila usiku hulala ofisini kwake.

Katika kustaafu kwangu nawaza jinsi nilivyokuwa nikipiga kila asubuhi na kuamini kwamba nimeita. Kupiga ni kazi ya mkono. Kama nimeita, anayejua ni aliye mbali.

Siwale bado huchelewa mara mojamoja. Ila siku hizi anachelewa mwenyewe.