Kidole Gani, Mkono Upi

Kama kuna kitu kinachonipandisha hasira hadi leo, ni neno "kawaida" kwenye ripoti ya daktari. Mtu anaangalia, anaandika kawaida, anakwenda kunywa chai. Kawaida kivipi? Kwa nani? Mimi mwenyewe nililiandika mara nyingi nilipokuwa kijana, kwa hiyo najua ninachosema.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa daktari mdogo katika hospitali moja ya Moshi, nimetoka masomoni juzi juzi na mdomo sina breki. Nilifanya kazi chini ya daktari mzee aliyenizidi kila kitu isipokuwa kelele. Yeye ndiye aliyeanzisha utafiti wetu wa watu wenye baridi yabisi na magonjwa ya jamii hiyo. Kazi yenyewe ilinipendeza mno. Unadondosha tone la mafuta pale ngozi inapokutana na ukucha, unaweka kidole chini ya hadubini, na mishipa midogo kabisa ya damu inaonekana imejipanga kama meno ya kitana. Ikiwa imevimba, au kuna mapengo, ujue ugonjwa wa kukaza ngozi, mmoja wa jamii hiyo, umeshaanza kazi ndani, hata kama kwa nje mgonjwa bado anaonekana mzima. Tulichokiona tulikiandika kwenye daftari, kila mmoja kwa maneno yaliyomjia.

Mwezi Mei alikuja mama mmoja kutoka Machame. Vidole vyake vilikuwa vinageuka vyeupe alfajiri akiwa anakamua. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, mumewe ameshang'oa nusu ya mibuni kihambani, shamba lao la nyumbani, na ng'ombe wawili ndio walioishikilia nyumba ile. Aliyewakamua ni yeye. Alitaka kujua jambo moja tu: mikono hii itaendelea kukamua, au aanze kutafuta mtu wa kuwauzia ng'ombe? Mzee akamwangalia kwa hadubini, akaandika, "Vidole: kawaida." Mama akarudi zake mlimani akiwa amefurahi, na baridi ya Juni na Julai ikamkuta kulekule, mikono ndani ya ndoo ya maji.

Septemba alirudi, zamu ikiwa yangu. Alisema sasa vidole vinauma hata jua likiwaka.

"Samahani mwanangu, nakupa wa kushoto," aliniambia. "Wa kulia nimejikata na mundu nikikata majani ya ng'ombe."

Kweli, mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Nikamwambia haina neno, nikainamia hadubini. Mishipa ilikuwa imevimba vibaya, na katikati yake kulikuwa na nafasi tupu. Nikaandika, "Vidole: vimeharibika sana," nikapiga mistari miwili chini yake ili mzee aione vizuri.

Aliiona. "Umetia chumvi," alisema.

"Shikamoo, mzee, lakini sikutia hata chembe."

Ubishi wetu haukuwa wa kupoteza muda. Kama ugonjwa ulikuwa umekimbia hivyo ndani ya miezi minne, mama alihitaji dawa kali, zile zinazomlaza mtu kitandani na kumwachia mwili usiojikinga. Kama ulikuwepo tangu zamani na mmoja wetu hakuuona, vidonge vya kufungua mishipa na kukaa mbali na maji baridi vingetosha kwanza. Siku mbili tulivutana, kila mmoja akiwa na ripoti yake, na ripoti zote mbili hazikutusaidia kitu. Mwishowe tukatuma ujumbe usharikani kwake, kanisani anakosali, aje tena.

Alipofika nilimkalisha kwenye kiti kilekile. Nikamwomba ampe mzee kidole, vilevile alivyofanya Mei. Akanyoosha mkono wa kulia, kidonda kikiwa kimeshafunga, na mkono wa kushoto akaushikiza chini ya kiwiko, kama tunavyofanya tunapompa kitu mtu tunayemheshimu.

"Na wa kushoto hukumpa?" nikamuuliza.

Alinitazama kama mtoto asiyefunzwa kwao. "We mwanangu! Mkono wa kushoto nampaje mtu mzima?"

Mimi mzaliwa wa Machame, niliyechapwa na bibi kwa kupokea kikombe cha maziwa kwa mkono wa kushoto! Kama kuna mtu katika hospitali ile alipaswa kujua, ni mimi.

Tukaangalia wa kulia. Ulikuwa mkono wa mundu na jembe, ngozi nene imepakana na kucha, makovu, na weusi wa utomvu wa migomba usiotoka kwa sabuni. Chini ya hadubini kulikuwa na ukungu tu. Mzee alivua miwani.

"Sikuona kitu," alisema polepole. "Nikaandika kwamba hakuna kitu."

Na mimi niliona wa kushoto nisiandike kwamba ni wa kushoto. Tulilifungua daftari tangu mwanzo: kawaida, kawaida, kawaida, ya watu wenye adabu zao, bila kujua ni mkono upi tulioangalia. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto.

Basi hapakuwa na ushahidi kwamba ugonjwa ulikimbia; vidole vyeupe vya Mei vilionesha ulikuwepo tangu zamani, kwa hiyo dawa kali tuliiweka pembeni. Lakini ncha ya kidole chake kidogo cha kushoto ilikuwa imeshakuwa nyeusi. Vidonge angeweza kuvianza Mei.

Mchana huohuo nilikaa kwenye taipureta. Mkono upi, kidole gani. Mgonjwa amepumzika muda gani ndani, na chumba kina joto kiasi gani. Hadubini inakuza mara ngapi. Mishipa mingapi katika milimita moja, ihesabiwe, isikadiriwe. Na "haionekani" ikapewa mstari wake, mbali kabisa na "kawaida." Watu wawili waangalie bila kuoneshana, kisha walinganishe. Wenzetu wengine walinung'unika kwamba nawageuza makarani. Waache wanune, nilisema. Fomu ile ilikuwa nzuri, niliijua ni nzuri, na mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kuikubali.

Mgonjwa wa kwanza wa kujaziwa nilitaka awe yule mama wa Machame. Alikuja Desemba, ngozi ya mikono imelainika kidogo, akakaa ndani mpaka vidole vikapata joto. Kisha akatoa mikono yote miwili, wa kushoto ukitangulia. Nikajaza mstari kwa mstari, nikiringa kimoyomoyo, hadi nikafika kidole kidogo cha kushoto. Ncha ilikuwa imekatika. Nilikuwa nimefikiria kila kitu, lakini hilo sikuliwekea mahali. Kalamu ikanisimama mkononi.

"Unaogopa nini?" mama akaniuliza. "Andika hakipo. Hivi tisa na nusu bado vinakamua."

Nikaandika pembeni, kwa mkono: kushoto, kidole cha tano, ncha haipo. Chini palikuwa na nafasi mbili za sahihi, yangu na ya mzee, aliyekuwa ameshaangalia kabla yangu. Nikatia yangu, nikampa mzee kalamu, naye akatia yake.