Mjukuu Wangu Aliweka Paja Langu kwa Peji ya Chuo

Admin, ficha jina langu na la kijiji. Mwili ulishaonekana, angalau jina libaki. Mimi ni mama wa miaka sabini na nane, mjane, niko upande wa Kathonzweni. Shule niliacha darasa la pili, kwa hivyo mimi nasema na jirani yangu anaandika. Nimemkataza kurembesha. Mnaotaka kucheka chekeni, lakini mkimaliza mnijibu.

Mimi nasuka viondo, vikapu vyetu vya kubebea begani. Si vile vya nyuzi za dukani. Nakata mkonge, naparua, nakausha, nasokota uzi mwenyewe. Miaka ya sabini, kwa kikundi chetu cha akina mama, mtu akisuka kiondo kikalegea aliletwa kwangu nikifumue mbele yake. Walilia, lakini walijua kusuka.

Sasa, mjukuu wangu, nitamwita Mwende, alipata chuo kimoja huku Makueni kinachotaka kuanzisha kozi ya kusuka. Yeye ndiye angefundisha, lakini kwanza afungue peji kwa simu watu wajue hiyo kozi iko. Darasa lisipojaa, kozi hakuna na kazi yake hakuna. Akaja kwangu. Nilifurahi, sitadanganya. Kwa watoto na wajukuu wote nilio nao, hakuna mwingine aliwahi kutaka kujua mkonge unaparuliwa vipi.

Akanipiga vidio nikiparua, akanipiga nikitia rangi. Kisha akasema, "Susu, sasa uzi. Sokota vile unasokotanga."

Uzi wa kiondo husokotwa juu ya paja. Unapandisha leso, unapaka jivu uzi usiteleze, unaviringisha kwa kiganja. Ni kazi ya wanawake wakiwa peke yao. Mwanamume akikohoa tu kwa njia, leso inashuka. Nikamuuliza, "Hii nani ataona?"

"Ni wasichana wa darasa tu, susu. Na uso wako sitauweka."

Basi nikakaa kwa kigoda mbele ya mlango wa stoo, nikasokota vizuri kabisa, hata nikajivuna kidogo.

Baba yake Mwende ni mkwe wangu. Alioa binti yangu miaka ya themanini, na tangu siku hiyo hatujakula meza moja. Kwetu mtu na mama mkwe wana heshima yao, tunaiita nthoni. Akiniona kwa njia alikuwa anaingia kichakani mpaka nipite. Mwaka mmoja wa njaa aliacha gunia la mahindi kwa lango, akaita, "Mama, kuna kitu hapa!" akaenda zake. Ni fundi wa mbao. Huo mlango wa stoo ni yeye aliutengeneza, na aliuweka nikiwa kanisani ili tusigongane. Wanangu niliowazaa hawajanifanyia hata nusu.

Sasa sikieni. Huyo mtu alikuwa Mbumbuni siku ya soko, ameshika simu, amefungua hiyo peji, anaringia wenzake: "Tazameni kazi ya binti yangu, mwalimu!" Wakatazama. Paja la mwanamke mzee, uzi unapita juu yake, kichwa kimekatwa. Mmoja akasema, "Lakini fundi, huo mlango si wako? Maua ya hivyo ni wewe tu huchonga." Akatazama tena. Wanasema aliacha hata mbao alizokuwa amenunua, akaenda nyumbani bila kuaga.

Haya yote nililetewa na binti yangu akilia. "Mama, hataki hata nitaje jina lako." Wakati wa kuvuna ndengu huyo mkwe wangu huja na punda wake kila mwaka, anabeba nikiwa jikoni, anaondoka. Safari hii punda walikuja na kibarua.

Nikamwita Mwende. "Wewe msichana, umemwonyesha baba yako paja la mama mkwe wake!"

"Susu, si niliuficha uso?"

"Uso wangu anaujua! Ungeacha uso ukafunika paja!"

Akasema, "Lakini hiyo ndiyo inaleta watu. Zile zingine hazitazamwi. Nikiitoa saa hii darasa halitajaa."

Nikamuuliza, "Ulipokuja hapa ulijua ni ya kila mtu?"

Akaangalia kucha zake. Halafu akasema, "Nilijua. Ningekuambia, ungekataa."

Hapo nilikaa chini. Jamani, nisingekataa! Ningesema lete gunia tufunike, nisokote juu ya gunia, uzi utoke mbaya kidogo lakini watu waone. Ama asokote yeye, paja lake bado halina mkwe. Si nilimfundisha akiwa na miaka tisa? Mtoto niliyemlisha kwa mkono huu akanidanganya nikiwa kwa kigoda changu, na jivu kwa mguu, nikimfanyia kazi yake.

Pasta anasema nisamehe, hakuna dhambi. Sikumuuliza dhambi. Wengine wanasema siku hizi ni paja tu, tena la mzee. Mwenye kuniambia hivyo hapa aanze kwanza na la mama yake.

Mkubwa wa chuo najua anapokaa. Naweza kwenda nimwambie sikukubali, na itatolewa. Lakini kozi itaanguka, na Mwende atarudi nyumbani bila kazi akijua ni mimi nilimwangusha. Nikinyamaza, wasichana watakuja kujifunza mkonge, kitu nimeombea miaka mingi, na mkwe wangu atazunguka mbali na boma langu mpaka nife. Kumwendea mwenyewe siwezi, nthoni hairuhusu. Na huyu msichana naye bado hajasema pole, anasema tu "watu wanapenda, susu."

Kwa hivyo nashauriwa nini? Nyinyi wanaume mlio na mama wakwe, nawauliza nyinyi hasa: ungekuwa wewe uliyeona hiyo kitu sokoni mbele ya watu, ni nini kingekurudisha kwangu? Nijibuni kwa adabu. Nasubiri.