Kukaa Chini na Mwenye Kilio

Gereza letu tuliliita buloko. Lilikuwa na nyumba mbili za matofali mabichi na ua wa miti iliyochongwa ncha, kwenye kituo kimoja cha serikali katika milima ya Masisi. Jiko langu lilikuwa nje ya ua, upande wa kijito. Kutoka hapo niliona karibu kila kitu: lango, ofisi ya bwana wa teritwari, Mzungu aliyeitawala wilaya yetu, juu ya kilima, na njia ya kwenda misheni. Mume wangu alikuwa polisi wa buloko. Mimi, binti wa Nyabiondo niliyezoea kulima maharagi, nilipewa kazi ya kuyapika kwenye pipa, pamoja na bugali wa muhogo, kwa ajili ya wafungwa. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, barabara zilikuwa zinakatwa kila mahali, na waliozikata upande wetu ni hao hao niliowapikia.

Wengi walikuwa watu wa kawaida. Huyu hakulipa kodi, yule alitoroka shamba la kahawa la mzungu, mwingine alimjibu chifu vibaya. Walifungwa wawili wawili kwa mnyororo wa shingoni. Kila mmoja alikuwa na pete yake, na kipande kilichowaunganisha kilikuwa kifupi, hata mmoja akiinama kuokota jiwe mwenzake lazima ainame. Walijifunza kwenda kwa hatua moja. Walikula pamoja na kwenda chooni pamoja. Mnyororo ulifunguliwa wakati wa kulala tu, mlango ukishakomewa kwa nje.

Jumapili barabara ilipumzika, lakini kila mfungwa alipaswa kwenda misa. Amri ilitoka ofisini, siyo misheni, na asiyekwenda alilazwa chini akapigwa fimbo. Kanisa lilijaa watu huru, basi wafungwa walisimama nje, kwenye majani, mbele ya mlango wa pembeni ulioachwa wazi. Katekista alisimama mlangoni na kanzu yake nyeupe, jicho moja kwa padri, jicho moja kwao. Misa ikiisha, alipanda ofisini kueleza nani alisali vizuri. Aliyesifiwa aliruhusiwa kuonana na mke wake. Mara nyingine alitoka mapema.

Mume wangu alibatizwa kama mimi, lakini amri hiyo ya sala haikumwingia. Akifika nyumbani na kuvua mkanda alisema, "Mi nachunga mulango. Sasa banataka nichunge na sala ya batu?"

Katika wafungwa hao alikuwamo mtu mmoja aliyeletwa kutoka upande wa Kashebere, ng'ambo ya mpaka wa Walikale. Alikuwa mkulima na mwindaji, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikamatwa shambani mwake akisali na majirani sala ya dini iliyokatazwa na serikali. Sisi wa jikoni hatukujua vizuri dini hiyo ilisema nini. Tulijua tu kwamba watu wake hawakupiga magoti mbele ya padri, na kwamba serikali iliwaogopa. Siku alipofika, bwana wa teritwari alimwambia mbele ya lango, sote tukisikia: akipiga magoti misani na kuiacha dini ile, atarudi kwake. Asipofanya hivyo kabla ya mvua kubwa, atapandishwa lori kwenda kambi ya watu wa namna yake, mkoa wa mbali. Tuliwahi kuwaona watu wakipelekwa huko. Hatukuwahi kumwona aliyerudi.

Alikwenda misa kama wote, kwa sababu mnyororo ulikwenda. Lakini kengele ilipolia na watu wakashuka kwa magoti, yeye alibaki amesimama.

Aliyefungwa naye alikuwa mtu wa milima ya Mweso, mfupi, mcheshi. Siku ya kodi alijificha juu ya dari ya moshi, pale wanapokaushia mahindi, akapiga chafya askari wakiwa chini wanaomba maji ya kunywa. Alipenda kujisimulia kisa hicho mwenyewe kabla wengine hawajakisimulia. Lakini katika dini hakuwa na mchezo. Alivaa medali ya Bikira Maria, na pete ya chuma iliikandamiza hata ikamwachia alama kifuani. Jumapili ya kwanza alimgeukia mwenzake mrefu akasema, kwa Kiswahili chetu ambamo papa ni baba na njo ni ndiyo, "Papa, sasa tutafanya namna gani? Mi nataka kushuka, weye unataka kusimama. Na shingo njo moja."

Mrefu hakushuka. Yule mfupi akabaki wima, Jumapili hiyo na nyingine nyingi, macho yakitazama majani. Aliporudi jikoni kuchukua chakula aliniambia kwamba kusimama wakati ule kunamuuma kuliko fimbo. Hata hivyo hakumvuta mwenzake kwa nguvu. "Nikimuvuta," alisema, "sasa nani anasali? Si munyororo?"

Mke wa mtu wa Kashebere alikuwa anakuja kwa miguu, kitunga mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso, na mimba iliyoanza kuonekana. Alileta ndizi na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Kwa kuwa mume wake hakusifiwa na katekista, hakuruhusiwa kumwona. Mume wangu aligeuza uso, na wale wawili wakaja kuchukua sufuria jikoni kwangu wakati mwanamke akiwa amekaa pale. Ndivyo walivyoongea, mume na mke, na mtu wa tatu kati yao.

"Musiogope," yule mfupi alisema, akiangalia mlima. "Masikio yangu iko kwa Mweso."

Mwanamke alikuwa Mkristo wa misheni tangu utoto. Hakumficha mume wake neno. "Piga magoti," alimwambia. "Mimba hii itazaliwa, na nani atakata pori la kulima? Piga tu. Goti njo mufupa."

"Njo mufupa," mume alijibu. "Lakini likienda chini, haliende peke yake. Linaenda na mimi."

"Mungu ataona kama roho haiko."

"Mungu ataona. Na mimi nitaona pia."

Mwanamke alimenya ndizi, akampa. Akampa na yule mfupi moja, kwa kuwa asingeweza kumlisha mmoja tu.

Mawingu yalianza kukaa juu ya milima tangu mchana. Jumamosi moja mtu alifika kutoka Mweso na habari kwamba mama wa yule mfupi amekufa na amekwisha kuzikwa. Mfungwa hakupewa ruhusa ya kwenda kilioni. Alipokea bugali wake akauacha. Siku hiyo hakutania mtu.

Lazima nieleze desturi moja, kwa maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Kwetu milimani na kwao msituni ni ile ile. Mwenye kilio akikaa chini, anayefika kwake hasimami, wala hakai kwenye kiti. Anashuka kwenye udongo pamoja naye, hata kama jana yake walikuwa na ugomvi. Anayebaki wima anasema kwa mwili wake kwamba amefurahia kifo hicho.

Kesho yake nilikuwa misani, nje, pamoja na wanawake waliokosa nafasi, karibu kabisa na wafungwa. Kengele ndogo ililia. Yule mfupi alisema kwa sauti ya mtu aliyelia usiku kucha, "Papa, leo iko mama yangu."

Mrefu alimtazama. "Shuka," alisema. "Ninashuka na weye."

Mfupi akapiga magoti. Mrefu akaenda chini pamoja naye, polepole ili chuma kisimuumize mwenzake, akakaa amekunja miguu, kiganja kimoja juu ya udongo, kama tunavyokaa kwenye kilio. Mimi nilikiona kiganja hicho. Katekista, kutoka mlangoni, juu ya mabega ya watu, aliona vichwa viwili vikishuka kwa mara moja.

Jumatatu asubuhi habari ilikuwa imeenea: mtu wa Kashebere amepiga magoti, anafunguliwa. Mke wake alikuwa amelala kwangu. Hakuruka wala hakupiga vigelegele. Aliomba shati la mume wake, lile alilovuliwa siku ya kuingia, akalifua kijitoni na kulitandaza juu ya ua wa jiko. Hakukuwa na jua la kulikausha. Tukaitwa ofisini, akaliacha pale.

Bwana alikuwa barazani, katekista pembeni yake. Wale wawili walisimama uani na mnyororo wao, mume wangu nyuma yao. Bwana alijua Kiswahili cha kutosha. Alikuwa na uso wa mtu ambaye kazi yake imekwenda vizuri.

"Katekista anasema ulipiga magoti," alisema.

Mtu wa Kashebere alinyamaza. Mke wake alikuwa amesimama kando yangu, na nilisikia pumzi yake. Yule mfupi akaingia haraka. "Njo vile, bwana. Alishuka. Mi njo shahidi, shingo yangu ilikuwa pale."

Hakusema uongo. Jambo lingeweza kuishia hapo. Mrefu alikuwa na haki ya kunyamaza tu, mnyororo ungefunguliwa, na wangeshika njia ya Kashebere kabla ya mvua.

"Nilishuka," alisema. "Lakini sikushuka sababu ya padri. Huyu alikuwa na kilio. Nilikaa chini na mwenye kilio."

Bwana hakuelewa. Alimgeukia katekista. Katekista alikuwa mtu wa kwetu, na siku iliyotangulia alikuwa amesifu kondoo mpya. Angeweza kulizungusha neno vyovyote alivyotaka. "Njo desturi yetu, bwana," alisema. "Mimi niliona vichwa. Sikuona magoti."

"Basi Jumapili itakayokuja," bwana alimuuliza mfungwa, "utapiga?"

"Kama kuko kilio, nitakaa chini. Kama hakuko kilio, nitasimama."

Bwana hakukasirika. Alichukua kofia yake mezani, akaivaa, akaingia ndani. Tuliposhuka, mwanamke alitembea nyuma ya mume wake na kumwambia kwa sauti ndogo, "Ungenyamaza tu. Sikuomba useme uongo. Niliomba unyamaze."

"Ningenyamaza hapa," alimjibu, "kule kwetu ningesema nini?"

Lori lilikuja kabla ya Jumapili. Mume wangu ndiye aliyefungua pete ya shingo, na yule mrefu alisugua mahali pale, akamtazama mwenzake wa Mweso akiwa huru upande wake, na hawakujua la kufanya na mikono yao. Mwanamke alimpa shati. Lilikuwa bado bichi. Alilivaa hivyo hivyo.

Lori lilipopinda kilimani, mke wake alikaa chini, mbele ya lango, kwenye matope. Yule mfupi akakaa. Wafungwa waliokuwa wamepangwa tayari kwenda barabarani wakakaa, wawili wawili, minyororo ikilia. Nikaacha pipa langu nikakaa nami. Mume wangu alipaswa kuwaamsha kwa fimbo. Aligeuka akatazama kijito. Katekista alipita akielekea misheni, akasimama, akavua kofia yake, na baada ya muda akachuchumaa pembeni ya njia, kanzu yake ikigusa udongo. Kisha mvua ikaanza.

Jumapili iliyofuata hakukuwa na mtu wa kufungwa pamoja na yule mfupi. Alikwenda misa shingo tupu. Kengele ilipolia alipiga magoti, na hakumvuta mtu. Nilidhani atafurahi. Alibaki ameinamisha kichwa hata watu walipokwisha kusimama.

Miaka ilipita. Mume wangu alihamishiwa kituo cha upande wa Walikale, nami siku za soko nilikwenda Kashebere. Huko nilimkuta yule mwanamke akiuza ndizi kando ya barabara, barabara ile ile waliyoianza wafungwa wetu. Msichana mrefu, mwenye macho ya baba yake, alikuwa akimpangia mafungu. Tuliulizana habari. Yule mtu wa Mweso, aliniambia, alipotoka buloko alifika kwake kwa miguu, akakata pori msimu mzima, na jioni aliwachekesha majirani kwa kisa cha chafya.

Nilimuuliza kuhusu mume wake, kwa uangalifu, kama mtu anavyouliza habari za marehemu.

"Katekista wa hapa ananiambia niolewe tena," alisema. "Anasema mutu wa kule njo sawa amekufa. Lakini dereva moja alimuona. Iko muzima. Alituma salamu, na aliuliza kama mutoto iko mwanaume ao mwanamuke." Akaongeza ndizi mbili juu ya fungu langu, matabisi yangu, nyongeza ya mnunuzi. "Ile siku kwa mulango, mama, tulikaa chini mbio sana."

Kengele ya sala ya jioni ililia kanisani Kashebere. Alimwachia binti yake ndizi, akajifunga kitambaa kichwani, akanyoosha kitenge. Binti hakumfuata, naye hakumwita. Nilimtazama akivuka barabara, akiharakisha kidogo, kwa sababu alipenda kupata nafasi ya mbele, pale ambapo mtu akipiga magoti haoni mgongo wa mtu mwingine.