Ndani Mna Mzazi

Nakumbuka siku moja hapa Misima, mwaka ambao kunde zilikaukia shambani, muuguzi alimpima mdogo wangu Rajabu, akamwambia mama apate maharage, mayai, hata nyama kidogo, la sivyo mtoto hatafika mbali. Apate wapi, mwanangu? Kuku walikuwa wameisha kwa ugonjwa wa kideri. Kilichobaki ni mabua ya mahindi, nayo tulizoea kuyachoma moto.

Mimi nilikuwa msichana nisiyetulia. Shangazi yangu wa Korogwe alikuwa akiotesha uyoga kwenye makapi ya mkonge, na kwake uyoga ndio uliokuwa nyama. Nikamfuata, nikarudi na mbegu. Tukakatakata mabua, tukayachemsha kwenye pipa, yalipopoa tukayachanganya na mbegu kwenye mifuko ya nailoni, tukaitundika stoo gizani. Shangazi alinionya mapema: uyoga ukishapandwa hautaki pitapita za watu.

Lakini nani kwetu anajua kumfungia jirani mlango? Mtu akipiga hodi, ulimi unajibu wenyewe, karibu ndani. Mgeni njoo mwenyeji apone! Wakaingia na vumbi la miguuni, wakaiminyaminya mifuko, nami nikiwashikia taa kwa majivuno. Mifuko ikaota ukungu wa kijani, ikanuka, tukaitupa yote. Rajabu naye alikuwa amefika mahali hata kulia hawezi. Niliogopa, sikufichi.

Tukapanda mbegu iliyosalia. Safari hii bibi yangu, mama yake baba, akaweka kigoda mlangoni pa stoo, akakaa.

"Hodi jamani!" Alikuwa mama Hadija, jirani yetu. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu, kaa hapa hapa nje. Ndani mna mzazi."

Mama Hadija akarudi nyuma palepale. Kwa mzazi aliyetoka kujifungua haingiwi ovyo, hilo halifundishwi mtu mzima. Jioni akaleta uji wa pilipili manga wa kumpa nguvu mzazi, akaunywa Rajabu. Bibi akashukuru bila kupepesa macho.

Mimi sasa, roho juu. Nikichota maji nawaza mifuko, nikitwanga nawaza mifuko. Nikamwomba bibi nichungulie tu, mara moja. Akanishika mkono kwa nguvu nisizozitegemea.

"Mimba haichunguliwi, mjukuu wangu. Ikikua utaiona."

Nikanuna. Lakini mlango haukufunguliwa mpaka utando mweupe ulipoijaza mifuko. Tukaitoboa, tukainyunyizia maji, uyoga ukachomoza. Bibi akaupika kwa karanga. Rajabu akala, akalamba bakuli, kisha akalia kwa sauti, analilia aongezewe. Mama akakaa chini, akalia naye.

Leo nakuona, mwanangu, mabua hujamaliza kuyachemsha, picha umeshazituma kwenye simu za watu, kijiji kizima kinaulizia uyoga wako. Ukarimu ni mzuri, usiuache. Ila kazi changa ifungie mlango, na anayepiga hodi mkatalie kwa neno la heshima, neno analolijua, asiondoke na kinyongo. Na mabua usiyachome. Moto hauna mtoto wa kulisha.

Nenda, Mungu aibariki mikono yako. Akulinde na kijicho, akutulize moyo, na nyumbani kwako kusikose mtoto wa kulilia nyongeza.