Bibi Mwenye Miguu Iliyovimba

Idara yetu haikuweza kunywa chai bila kuiita semina. Walikaa, wakazungumza habari za wakimbizi, wahamiaji na wanyonge wa bara hili, huku mimi, mhamiaji pekee mle ndani, nikizungusha sambusa. Nilikuwa nimetoka Tanzania kuja kusoma uzamili Johannesburg, na kwenye barua ya udahili niliitwa mtafiti. Kazi za mtafiti zilikuwa kupanga viti, kuviondoa, na kumwuliza mgeni kama anakula nyama.

Profesa aliyenisimamia alipenda kujifanya mwenyeji kila mahali. Atamsalimia mlinzi wa getini kwa Kizulu chake cha maneno manne. Akisimama kwenye robot, maana ndivyo wanavyoziita taa za barabarani huku, atamwita muuza magazeti ndugu yake, halafu anapandisha kioo. Mimi alinikataza kumwita Profesa, eti nimwite jina lake. Nimelelewa Morogoro; mtu wa rika la baba yangu simwiti jina hata nikitekenywa. Nilipoendelea kumwamkia kwa kupiga goti kidogo, akawaeleza wenzake mbele yangu kwamba hayo ni mabaki ya ukoloni. Loh! Goti hilo nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama, ambaye mkoloni hakuwahi hata kumpa maji ya kunywa. Nilisonya kimoyomoyo nikaendelea na sambusa.

Jumamosi nilikuwa natoka chumbani kwangu mtaa wa Observatory kwenda Rosettenville, mbali kweli, kwa ajili ya kusikia Kiswahili tu. Huko alikuwepo fundi cherehani mmoja, Mrundi, aliyeweka mashine yake kwenye baraza la duka la Mreno mmoja mzee anayeuza kuku wa pilipili. Kila nguo yangu ilitoka kwake ikinuka kuku. Alinitania kwamba Kiswahili chetu sisi Watanzania kimepigwa pasi mno, hakikai mwilini. Siku ya kwanza aliniambia kwamba bibi yake yuko kambini Kigoma, na kwamba anamtamani sana. Nikamtazama kwa jicho la pembeni. Alipoona uso wangu alicheka mpaka akaacha kukanyaga pedeli. Kumbe kwa Warundi, kwa Wakongo, hata kwa Wakenya, bibi ni mke. Ni sisi tu tuliomzeesha.

Basi huyo bibi, yaani mkewe, ndiye aliyekuwa mawazo yake yote. Walikimbia kwao pamoja hadi Tanzania. Yeye akaendelea kuja huku kusini kutafuta maisha, mke akabaki kambini, kwa kuwa alikuwa mjamzito na miguu imevimba, hawezi safari. Mtoto alizaliwa huko, na sasa ameshaanza shule bila kumwona baba yake. Fundi alikuwa na hadhi ya ukimbizi na ombi la kuunganishwa na familia lililolala ofisi ya wakimbizi hadi likaota ukungu. Alichotaka duniani ni hicho tu, mke na mtoto wafike.

Nami ndiye niliyemtaja kwa Profesa. Profesa alikuwa anatafuta watu wa kuhoji kwa ajili ya utafiti wake, akaahidi kwamba kila atakayekubali ataandikiwa taarifa ya kitaalamu ya kusindikiza ombi lake. Taarifa yenye muhuri wa chuo! Fundi alifurahi, akanishonea gauni bure.

Nilidhani nitatafsiri mimi. Nani mwingine? Profesa akanikalisha chini, akaniambia kwa upole mkubwa kwamba mimi niko karibu mno na lugha ile, nitaingiza hisia zangu. Kazi akapewa mwanafunzi wa uzamivu kutoka Ulaya, kijana mrefu aliyejifunza Kiswahili likizo moja Zanzibar na kurudi na cheti na kanzu. Mimi nilimwita Mtaalamu, naye hakujua kuwa namsema. Mtaalamu alikuwa na Kiswahili safi cha kitabuni, akiniuliza kila asubuhi, "Umeamkaje, ewe dada?" Ewe! Nilikuwa namjibu kwa Kiingereza ili aumie.

Matokeo yalitolewa kwenye ukumbi mmoja Newtown, maana Profesa alitaka elimu itoke chuoni iwafuate wananchi. Wananchi waliokuja walikuwa ni wale wale wa idara, ila wamevaa viatu vya raba. Fundi alialikwa kama mgeni wa heshima, akaja na suti aliyojishonea mwenyewe, akakaa mbele karibu yangu. Taarifa yake ilikuwa imeshapelekwa ofisini wiki chache kabla, na alikuwa na furaha ya mtu anayesubiri kuitwa.

Profesa akaanza kusoma. Mada yake ilikuwa nafasi ya bibi katika kumbukumbu za wakimbizi wa Afrika. Akaeleza, kwa sauti ya msibani, habari za kikongwe mmoja wa Burundi, mnene, anayepumua kwa shida, ambaye mjukuu wake alilazimika kumwacha njiani kwa kuwa miguu yake ilikuwa imevimba. Fundi alikuwa amemwambia Mtaalamu kuwa bibi yake alikuwa mzito. Mzito, yaani ana mimba. Mtaalamu akaona uzee, akaona unene, akampa na magonjwa ya moyo kabisa. Profesa akasema kikongwe huyo ni Afrika yenyewe iliyoachwa nyuma na vijana wake. Watu wakatikisa vichwa kwa uchungu. Mama mmoja alifuta macho!

Fundi hakufuata Kiingereza chote, alikuwa anatabasamu tu kwa adabu. Kisha Profesa, kwa kutaka kujionyesha, akamgeukia akamwomba aseme machache kuhusu gogo wake. Gogo ni bibi mzaa mama au mzaa baba kwa Kizulu, na neno hilo fundi alilijua vizuri, wateja wake nusu ni magogo. Tabasamu likamtoka.

"Gogo gani?" akaniuliza.

Nikamweleza pale pale, kwa ufupi, walichoandika. Akasimama na suti yake, akasema kwa Kiswahili, polepole, kama anayewasomesha watoto: "Gogo wangu alikufa mimi sijazaliwa. Huyu ni bibi yangu. Nimemuoa. Nimezaa naye."

Nikatafsiri kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, na sijutii. Mtaalamu akafungua kamusi kwenye simu yake, na wallahi akainua kidole kutuonyesha kwamba kamusi inamuunga mkono. Aibu ilinishika kwa niaba ya wazazi wake. Na Profesa? Nilimngoja aombe radhi. Alivua miwani, akaisafisha, akasema jambo hili linavutia sana kitaaluma. Akauliza kama fundi angekubali kuhojiwa tena.

Nilimfuata Profesa chumbani kwake chuoni kesho yake nikamwambia suala si taaluma, ni taarifa iliyoko kule ofisi ya wakimbizi, ambamo mtu ameombewa bibi kizee badala ya mke. Nilimwita jina lake kwa mara ya kwanza, kwa hasira, naye akafurahi, eti hatimaye nimekuwa huru. Jamani. Lakini taarifa ilisahihishwa, hilo siwezi kumnyima, na ikapelekwa upya na muhuri ule ule.

Jibu lilipokuja fundi alinipa nimsomee barazani. Ofisi ilisema kwamba mwombaji kwanza alidai ameacha bibi, mzee na mgonjwa, sasa anadai ameacha mke, kijana, mwenye mtoto. Kwa kuwa maelezo mawili yanapingana na yote yametoka kwa wataalamu, ombi linasimamishwa mpaka mwombaji athibitishe ni yupi kati ya wanawake hao wawili yuko hai. Nilisoma mara ya pili kuona kama nimekosea mimi. "Eish," alisema fundi, na akakunja suruali ya mteja aliyokuwa anaipunguza, akaiweka pembeni.

Profesa hakupoteza muda. Makala yake mpya, kuhusu neno bibi na mipaka ya tafsiri, imempeleka kwenye mikutano ya ng'ambo ambako wanamlipia hoteli, na huwa anasimulia kisa chetu vizuri, wanacheka pale panapochekesha. Mtaalamu amepata udaktari. Mimi nilipata shahada yangu ya uzamili, na kwenye utangulizi wa makala nimeshukuriwa kwa msaada wa ukumbi, yaani vile viti.

Nilipokwenda kumuaga fundi kabla ya kurudi nyumbani, alikuwa kwenye simu na mkewe. Akaniwekea simu sikioni. Sikuwahi kuongea naye. Nikasema, "Mambo, mdogo wangu," maana nilijua nimemzidi umri.

"Dada, huko kwenu nimekuwa mzee," akasema. "Mbona hunipi shikamoo?"

Alikuwa anacheka, na nyuma yake nikasikia mtoto anauliza ni nani. Nikamwambia shikamoo.

"Marahaba, mjukuu wangu," akaitikia. Halafu kicheko kikaisha. "Mwambie Profesa wako afanye haraka. Akichelewa, atakuwa amesema kweli."